Nyimbo Zinahama, Majina Yanabaki Nyuma
Maktaba ya muziki kwenye kompyuta, sehemu ya nne

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10. Mashine hazikuzimika siku ile, na wengi hapa Bunia hawakuona tofauti yoyote kesho yake. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama, yale yanayoziba matundu ambamo virusi hupenya. Aliyejiandikisha kwa nyongeza ya mwaka mmoja ana muda hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haikubali kuingia kila mahali: inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inapokea kizazi cha nane kwenda mbele, cha kuanzia mwaka 2017, isipokuwa chache tu za nyuma ya hapo. Sasa, kompyuta nyingi zinazotufikia kutoka Kampala, ziwe zimepita Mahagi au zimevuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, ni za mkono wa pili au wa tatu, na nyingi ni za kabla ya wakati huo. Mafundi wa mjini wamepata kazi. Swali wanaloletewa ni lilelile: nimenunua mashine nyingine, nyimbo zangu nazihamishaje?

Fundi mwenye haraka atakwambia: kopi folda, bandika, imekwisha. Hajasema uongo, amesema nusu. Katika sehemu zilizotangulia tulishughulika na sauti yenyewe, WAV na MP3 na kile kinachopotea sauti inapobanwa, na sitarudi huko. Leo nataka kusema juu ya kile kinachoizunguka sauti: nani aliimba, wapi, lini, na wimbo gani unafuata upi. Hicho ndicho kinachomwagika njiani, na hakuna duka la kukinunua tena.

Mkoa wetu wa Ituri una mifano ya jambo hili ambayo sichoki kuisimulia, na ndugu msomaji atanivumilia.

Mwingereza Colin Turnbull alifika Epulu, katika territwari yetu ya Mambasa, mara ya kwanza mwaka 1951, akarudi tena na tena katika muongo ule, akiishi na Wambuti na kurekodi nyimbo zao. Alikuwa amesikia habari za molimo, tarumbeta ndefu inayopigwa usiku msituni jamii inapopatwa na msiba mzito. Akatarajia kuona chombo cha mti kilichochongwa na mababu, kimefunikwa heshima ya miaka mingi. Alichoona ni mabomba ya chuma yaliyotwaliwa kwa wajenzi wa barabara. Katika kitabu chake cha mwaka 1961, The Forest People, anaeleza jinsi alivyofadhaika, na jinsi Wambuti walivyomshangaa kwa kufadhaika kwake. Sauti ilitoka vizuri, chuma hakiozi. Mti wa nini tena? Mchana waliyaficha mabomba yao, usiku wakayafanya yaimbe msitu mzima.

Hakuna profesa wa teknolojia aliyewahi kulisema jambo hili vizuri kuliko wao. Chombo ni cha kubadilishwa. Anayeng'ang'ania kompyuta yake kuukuu kwa sababu “nyimbo zote zimo” amekiheshimu chombo na kuisahau sauti, na siku diski ya ndani itakapoanza kugonga atapoteza vyote viwili.

Lakini hadithi ya Epulu haikuishia msituni. Mwaka 1977 NASA ilirusha angani vyombo viwili, Voyager 2 tarehe 20 Agosti na Voyager 1 tarehe 5 Septemba. Katika kila kimoja ilifungwa diski ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti na muziki wa dunia, uliochaguliwa na kamati ya mwanafalaki Carl Sagan. Kati ya nyimbo hizo umo wimbo wa wasichana wa Kimbuti, wa elima, sherehe ya kuwaingiza katika utu uzima, uliorekodiwa na Turnbull. Una urefu wa sekunde 56. Voyager 1 hivi sasa iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka kwetu, na hakuna kitu kingine kilichotengenezwa kwa mikono ya binadamu kilichofika huko. Kwa hiyo sauti iliyosafiri mbali kuliko zote ni pamoja na sauti za wasichana wa Ituri. Shuleni kwetu watoto wanafundishwa kilele cha Rwenzori na urefu wa mto Kongo. Hili hawafundishwi, na naona ni aibu.

Tazama jinsi wale wahandisi walivyofunga mzigo wao. Hawakupeleka diski peke yake. Waliweka na sindano ya kuichezea, na juu ya kifuniko wakachora maelekezo: diski izunguke kwa mwendo gani, sindano ianzie wapi. Walijua kwamba atakayeipokea, kama yupo, hatakuwa na gramafoni. Huo ndio uhamishaji wa kweli.

Sasa tazama orodha ya nyimbo. Chuck Berry ametajwa kwa jina. Louis Armstrong yumo kwa jina, na Blind Willie Johnson pia. Tukija kwa wimbo wetu, tunaambiwa ni wa Zaire, ni wa unyago wa wasichana, na umerekodiwa na Colin Turnbull. Basi. Mwenye mashine ana jina, wenye koo hawana. Dhahabu ile imetengenezwa idumu mamilioni ya miaka, na itadumu na pengo lake, kwa sababu kitu ambacho hakikuandikwa wakati wa kunakili hakiandikwi tena baadaye.

Linganisha na Hugh Tracey, mrekodi mwingine wa muziki wa Afrika. Sina haja ya kumfanya mtakatifu. Alikuja na madaraka ya zama zake, na alikuwa na maoni yake makali juu ya muziki upi wa Afrika ni safi na upi umeharibika. Mwaka 1952 alizunguka Kongo na mashine zake za kurekodi. Alipita pembezoni mwa msitu wetu, akawarekodi Wabudu, Wambuti, Wanande na wengine. Mwaka uohuo, kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, alimkuta kijana anayepiga gitaa kwa namna ambayo hajaisikia. Akauliza jina, akaandika: Jean-Bosco Mwenda. Wimbo “Masanga” ukaenda duniani na jina la mwenyewe, na wapiga gitaa wa Nairobi na wa ng'ambo wakajifunza vidole vya mtu wanayemjua.

Tracey alikuwa mtu wa kadi. Kila wimbo aliutengenezea maelezo: mahali, kabila, lugha, ala, mpigaji alipojulikana. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM, na mwaka 1973 ikatoka katalogi ya rekodi zake, vitabu viwili, kwa mfululizo wa santuri zaidi ya 200. Baada ya kifo chake, mwaka 1978, mzigo wote ukahamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji uitwao leo Makhanda, Afrika Kusini. Baadaye ukahama tena, kutoka kanda kwenda kompyuta. Umehama mara zote hizo na bado unasomeka. Katikati ya miaka ya 2010 ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilirudisha nakala Kenya, ikawatafuta vijijini waliorekodiwa au jamaa zao. Wangewapataje, kama kadi zisingetaja vijiji?

Na anayedhani kupoteza ni jambo la maskini asome habari za MySpace. Mwaka 2019 mtandao ule wa Marekani ulikubali kwamba muziki uliowekwa humo kati ya mwaka 2003 na 2015 umetoweka. Makadirio yalitaja nyimbo zaidi ya milioni 50. Haukuungua moto. Ulipotea walipokuwa wakihamisha seva, kazi ileile unayotaka kuifanya Jumamosi hii.

Turudi basi kwenye meza yako. Faili la MP3 lina nafasi ya kubeba maelezo yake lenyewe, kinachoitwa lebo ya ID3. Ilipobuniwa mwaka 1996 ilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii, 30 kwa albamu, nne kwa mwaka, 30 kwa maoni, na namba moja ya aina ya muziki. Orodha ya kwanza ya aina hizo ilikuwa na 80. Polka ilikuwemo, rumba haikuwemo. Rumba ile ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2021 kuwa urithi wa binadamu wote! Mwaka 1998 likaja toleo la pili, ambalo lina nafasi ya kutosha hata kwa maneno yote ya wimbo na picha, na ndilo linalotumika leo.

Kilichoandikwa katika lebo kinahama pamoja na wimbo, kwa flashi, kwa kadi ya memori, kwa Bluetooth. Lakini nyota ulizoweka, hesabu ya mara ulizosikiliza, na orodha ulizopanga kwa ajili ya arusi au matanga, kwa kawaida vinakaa katika daftari la programu, mbali na nyimbo. Daftari hilo hukumbuka njia kamili ya kila faili: diski D, folda ya mtumiaji fulani, folda ndogo fulani. Kwenye mashine mpya diski ikiitwa E, au jina la mtumiaji likibadilika, daftari linafanya kama chefu wa avenyu anayempeleka mgeni kwenye nyumba iliyokwisha bomolewa. Nyimbo zote zipo, na programu inalia kwamba hazionekani. Dawa ni kulikopi daftari pamoja na folda, na kuziweka nyimbo mahali palepale, kwa herufi ileile ya diski na majina yaleyale ya folda. Anayetumia iTunes kwanza aiamuru ikusanye faili zote katika folda moja, kisha aihamishe folda hiyo nzima. Orodha za M3U fungua kwa programu ya maandishi: ukiona njia ndefu inayoanza na herufi ya diski, ifute ibaki sehemu ya mwisho, kisha weka orodha hiyo ndani ya folda ya nyimbo.

Kuandika lebo kunafanywa na programu za bure kama Mp3tag. Ipo pia MusicBrainz Picard, inayosikiliza wimbo na kuutambua yenyewe kupitia intaneti. Itamtambua Franco, itamtambua Fally Ipupa. Kwaya ya Komanda au Nyankunde iliyorekodiwa kwa simu siku ya Pasaka haiwezi kuitambua, kwa kuwa hakuna aliyeiandikisha popote. Hiyo ni kazi yetu sisi, na tunaikwepa. Fungua simu ya yeyote mjini: AUD, tarehe, WA, namba. Hilo ndilo jina ambalo WhatsApp hulipa faili, na tunaliacha hivyo miaka na miaka. Vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi kando ya boulevard wanajua mavazi ya mastaa wa Kinshasa hadi viatu, ila ukiwauliza maestro aliyetunga wimbo wanaouuza ni papa gani, wa parokia gani, wanacheka. Kompyuta nayo inaandika “msanii asiyejulikana”, ilhali msanii mwenyewe anaishi Mudzi-Pela na kila Jumapili anapita mbele yao. Wengi waliokimbia Djugu tangu mwisho wa mwaka 2017 walifika hapa bila kitu isipokuwa simu. Ndani ya simu hizo mna kwaya ambazo waimbaji wake wametawanyika au wamekufa. Anayejua majina yao bado yuko hai leo. Mwulizeni leo, mama au yaya yeyote aliyekuwa katika kwaya ile, na muandike kabla ya kubofya kitufe cha kukopi.

Nafasi imenibana, na yaliyobaki nayasema kwa ufupi. Kopi, usikate: “kata na bandika” umeme ukiondoka katikati ni msiba, nasi umeme wetu tunaujua. Fanya kazi hiyo kwa laptopu yenye betri iliyojaa. Flashi mpya ya bei ya kutupa inayojitangaza terabaiti moja, ipime kwanza kwa programu ya H2testw. Nyingi zimechezewa zionyeshe ukubwa usiokuwepo, zinapokea nyimbo zote kwa upole na kuziandika juu kwa juu, unakuja kufungua unakuta kimya. Flashi iliyopita katika mashine za watu, ikikuonyesha folda zimegeuka njia za mkato, usibofye hata moja: ni virusi, na mara nyingi faili zako zimefichwa tu, hazijafutwa. Ukimaliza kukopi, linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti pande zote mbili, kisha sikiliza nyimbo kadhaa hadi mwisho, hasa ndefu.

Mashine ya zamani usiifute wala usiiuze mpaka ile mpya imekaa miezi kadhaa na nakala nyingine iko kwenye diski ya nje, katika nyumba nyingine. Kanda za kaseti, ambazo wasomaji kadhaa wameziulizia, zina shida za kwao, ukungu ukiwa wa kwanza. Tutaanza nazo katika sehemu ya tano.