Urani Iliyomo Katika Bahari ya Mtwara

Urani haisubiri kuletwa Mtwara. Imo baharini tangu zamani. Kila lita ya maji ya bahari kuu, nje ya Msimbati kama kwingineko duniani, ina takriban mikrogramu 3 za metali hiyo. Kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kilizinduliwa Julai 2025 katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na ni rahisi sasa kuitazama pwani ya kusini na kuuliza swali moja tu: urani ipo au haipo? Swali hilo halitoshi. Tuulize imefungamana na nini, kwa kuwa atomu zile zile hukaa kama jiwe au husafiri na maji kutegemea zilivyopangwa.

Ushahidi umo humu humu nchini. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani Willy Marckwald alieleza madini ya njano kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, akayaita rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Ni kaboneti ya uranili. Maabarani huweza kutengenezwa kwa kutia oksidi ya njano ya urani majini na kuingiza gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo. Ndani ya fuwele zake, kila atomu ya urani imeshikwa na oksijeni mbili zilizonyooka, moja juu na moja chini (hiyo ndiyo uranili), huku kiunoni ikizungukwa na oksijeni sita za kaboneti. Kila kaboneti hushikana na urani zaidi ya moja, hivyo tabaka lote hufumwa bapa kama mkeka. Ongeza kaboneti ya sodiamu kwa wingi, mkeka unafumuka: kila urani hujipatia kaboneti tatu za peke yake, na chumvi inayotokea huyeyuka. Baharini mambo ni hayo hayo, ila kalsiamu mbili hujibandika pembeni na kusawazisha chaji. Muungano huo haushikani kwa urahisi na mchanga, ndiyo maana urani hukaa majini kwa laki kadhaa za miaka.

Msomaji atasema mionzi ni mionzi. Hapana. Urani-238 huchukua miaka bilioni 4.5 kuoza nusu yake, kwa hiyo mikrogramu hizo 3 hutoa kama bekereli 0.04 tu. Potasiamu ya asili katika lita hiyo hiyo hutoa bekereli zipatazo 12, na sijasikia mtu aliyeacha kuogelea kwa ajili yake. Urani iliyoyeyuka hutishia kwanza figo, kwa sumu yake ya kikemia; Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa.

Mwingine ataigeuza hoja: kama bahari imeibeba siku zote, mgodi una ubaya gani? Ubaya uko katika kuyeyusha kwa makusudi kile kilichokuwa kimeganda. Kwa kawaida asidi ya salfuriki na kioksidishaji huitoa urani kwenye mwamba, resini huikamata, kisha hugandishwa kuwa unga wa njano. Unga huo ukisafirishwa kwa mapipa hadi bandari ya Mtwara na kumwagika njiani, unaweza kuzolewa. Mtihani ni mabaki ya mgodini, yenye radiamu na asidi. Tena, maji ya Mkuju huelekea kaskazini, Luwegu hadi Rufiji, hayashuki Ruvuma.

Mlangoni mwa Ruvuma, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, mlinzi ni tope jeusi la mikoko. Halina oksijeni, na bakteria wake huirudisha urani kwenye hali isiyoyeyuka. Kata mikoko, tope lipigwe na hewa, nayo urani inaweza kuyeyuka upya. Kabla uchimbaji mkubwa haujaanza, Tume ya Nguvu za Atomu ipime urani na radiamu katika maji na matope ya Rufiji na Ruvuma, iyatangaze matokeo, ili baadaye pawe na cha kulinganishia.