Nani Amtibu Askari wa Zamani: Hospitali ya Serikali au Daktari Binafsi?

Mabishano ya Wamarekani kuhusu tiba ya serikali na tiba binafsi huchanganya maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: nani analipa, na nani anatibu. Medicare, bima ya wazee wenye umri wa miaka 65 na kuendelea iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, hulipiwa na serikali, lakini madaktari wengi wanaowatibu wazee hao si watumishi wa serikali. Wafanyakazi wengi wa kawaida wana bima kupitia mwajiri. Kwao, anayelipa na anayetibu mara nyingi wote wako nje ya serikali. Askari wa zamani wana utaratibu wa tatu. Serikali kuu hulipa, na ni serikali hiyohiyo inayomiliki jengo, inayoajiri daktari, muuguzi na mfamasia, na inayotunza faili la mgonjwa. Kati ya Wamarekani takriban milioni 18 waliowahi kutumikia jeshi, milioni 9 hivi wamejiandikisha katika mfumo huo wenye hospitali zipatazo 170 na kliniki zaidi ya 1,000.

Mizizi yake ni Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Machi 1865 Rais Abraham Lincoln alilihimiza taifa limtunze aliyebeba mzigo wa vita, pamoja na mjane na yatima wake, na mwezi huohuo ikapitishwa sheria ya kujenga makao ya askari waliolemazwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza iliundwa ofisi maalumu mwaka 1921. Mkuu wake wa kwanza, Charles Forbes, aliishia gerezani kwa ufisadi. Utawala mpya uliundwa mwaka 1930, ukapandishwa hadhi kuwa wizara kamili mwaka 1989.

Hatua iliyojenga ubora wake ilichukuliwa mwaka 1946. Jenerali Omar Bradley, mkuu wa utawala huo aliyekabidhiwa mamilioni ya askari waliokuwa wakirejea kutoka Ulaya na Pasifiki, aliziunganisha hospitali hizo na vyuo vikuu vya tiba. Maprofesa wakaingia wodini, wanafunzi wakajifunzia humo, utafiti ukashamiri. Matunda yalionekana. Mwaka 1977 Rosalyn Yalow wa hospitali ya askari wa zamani ya Bronx na Andrew Schally wa ile ya New Orleans walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba. Anayedai kwamba hospitali ya serikali haiwezi kuzaa ubunifu hana budi kwanza kuzijibu kazi za watu hawa wawili.

Hata hivyo, kufikia miaka ya 1980 sifa ya hospitali hizo ilikuwa imeporomoka. Dakt. Kenneth Kizer, aliyeongoza huduma hiyo kuanzia 1994 hadi 1999, aliigeuza tangu msingi. Maelfu ya vitanda vya wodini yalifungwa, kliniki za wagonjwa wa nje zikafunguliwa karibu na wananchi, na kumbukumbu za wagonjwa zikaingizwa katika kompyuta wakati hospitali nyingi binafsi zilikuwa bado zinatumia makaratasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha huduma ambazo wagonjwa walipata na zile zinazopendekezwa na wataalamu: wagonjwa wa mfumo wa askari wa zamani walipata asilimia 67, wagonjwa wengine asilimia 51.

Sababu yake haina fumbo. Askari wa zamani hubaki ndani ya mfumo uleule kwa miongo mingi. Kisukari chake kikiachwa leo, gharama za figo zitaifikia bajeti ileile miaka kumi na mitano baadaye, kwa hiyo kinga inailipa hospitali yenyewe. Kampuni ya bima binafsi haina hakika hiyo, kwa kuwa mteja wake huondoka kila anapobadili kazi. Hapa ndipo hoja ya wanaopendelea ushindani wa soko inapokuwa dhaifu kuliko mahali pengine popote: ushindani humpa mgonjwa nafasi ya kuchagua, lakini humwondolea tabibu sababu ya kufikiria afya yake ya mbali.

Udhaifu wa hospitali za serikali uko kwenye foleni. Mwaka 2014 ilibainika kwamba katika hospitali ya Phoenix, Arizona, wafanyakazi walikuwa wakificha majina ya wagonjwa nje ya orodha rasmi ili ionekane kwamba miadi inatolewa haraka. Wizara ilikuwa imeweka lengo la siku 14, na marupurupu ya viongozi yalitegemea lengo hilo. Madaktari walikuwa wachache, wagonjwa wakiongezeka, na takwimu zikapikwa. Wengine walifariki majina yao yakiwa bado kwenye orodha za kusubiri. Wachunguzi walikuta hila za aina hiyo katika hospitali nyingine nyingi, na waziri, Jenerali Eric Shinseki, alijiuzulu tarehe 30 Mei. Hakuna hoja ya ubora inayoweza kuifuta aibu hiyo, kwani tiba bora isiyomfikia mgonjwa si tiba kwake.

Bunge lilijibu kwa kufungua mlango wa sekta binafsi. Sheria ya Agosti 2014 ilimruhusu mgonjwa anayeishi zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha serikali, au anayesubiri zaidi ya siku 30, kutibiwa nje kwa gharama ya serikali. Sheria ya 2018, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ilipanua ruhusa hiyo: kwa daktari wa kawaida na huduma ya afya ya akili, mwendo wa gari wa dakika 30 au kusubiri siku 20, kwa daktari bingwa, dakika 60 au siku 28. Kwa mzee wa kijijini Montana anayehitaji mtu wa kumwendesha hadi mjini, huu ni unafuu wa kweli, na wanaoupinga mpango huu kwa jumla huwatendea isivyo haki watu kama yeye.

Swali linalobaki ni kama huko nje anatibiwa vizuri zaidi. Jibu zito kuliko yote limetoka kwa wanauchumi David Chan, David Card na Lowell Taylor. Walichunguza askari wa zamani wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa na haki ya kutibiwa pande zote mbili na waliochukuliwa na gari la wagonjwa katika dharura. Kwa wagonjwa wa eneo moja, gari lililotokea kufika ndilo lililochangia kuamua wapelekwe hospitali ipi, jambo linalokaribia kura ya bahati nasibu. Kwa njia hiyo watafiti waliepuka tatizo la kulinganisha wagonjwa mahututi na wenye nafuu. Waliofikishwa hospitali za serikali walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 46 ndani ya siku 28, na gharama zao zilikuwa chini kwa asilimia 21. Faili moja linalosomeka na kila daktari aliyewahi kumtibu mgonjwa linatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Kuna pia ujuzi wa pekee: viungo bandia, kiwewe cha vita, na maradhi ya waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan, ambao haki zao zilipanuliwa kwa sheria ya mwaka 2022.

Je, raia wa kawaida apewe mfumo kama huo? Rais Harry Truman alipendekeza bima ya taifa zima mwaka 1945, na chama cha madaktari kikaipiga vita kwa kuiita tiba ya kijamaa. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 5 Julai 1948 huduma ya taifa hutibu kila mkazi, na askari wa zamani hutibiwa humohumo. Kanada ilizikabidhi hospitali zake za askari kwa majimbo, ya mwisho ikikabidhiwa kwa Quebec mwaka 2016. Australia iliuza mbili kwa kampuni binafsi, ya Perth mwaka 1994 na ya Brisbane mwaka 1995, huku serikali ikiendelea kulipa kwa kadi maalumu. Lakini askari wa Kanada na Australia walipoondolewa hospitali zao, tayari kulikuwa na bima ya umma kwa raia wote. Kwa kawaida Mmarekani hana kinga hiyo hadi afikishe miaka 65 au awe maskini wa kutosha kwa vigezo vya jimbo lake.

Ndiyo maana fedha ndizo kiini cha mvutano wa sasa. Malipo kwa watoa huduma wa nje yalikaribia kuongezeka maradufu kati ya 2018 na 2023, nayo hutoka katika bajeti ileile inayoajiri madaktari wa serikali. Mgonjwa wa moyo akipelekwa nje, umeme na matengenezo ya wodi aliyoiacha havipungui. Daktari wa upasuaji anayebaki na wagonjwa wachache hupoteza wepesi wa mkono, mwishowe kitengo chake hufungwa, na mgonjwa anayefuata analazimika kwenda nje hata kama asingependa. Wanaotetea hospitali za serikali wanataka nafasi za kazi zilizo wazi zijazwe kwanza, na watoa huduma binafsi wabanwe na vipimo vilevile vya kusubiri na vya ubora. Wapinzani wao wanataka mgonjwa achague mwenyewe bila masharti ya umbali wala siku.