Istilahi za Konea na Maisha ya Mgonjwa Baada ya Upasuaji

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazostahili kufikiriwa upya ni zile zihusuzo konea, yaani ule utando mgumu na mwangavu ulio mbele ya jicho, mfano wa kioo cha saa. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi za ugonjwa mmoja tu wa utando huo, na hasa zile zinazotumika baada ya mgonjwa kupasuliwa. Tumechagua kipindi hicho makusudi. Jina la ugonjwa au la kifaa hutumiwa na matabibu wao kwa wao. Bali maneno ya baada ya upasuaji mgonjwa huenda nayo nyumbani, na kwa maneno hayo huamua kama arudi hospitali leo au angoje mwezi ujao.

Ugonjwa wenyewe matabibu huuita keratokonasi, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya kale, moja lenye maana ya pembe na jingine la umbo lililochongoka. Tabibu wa Liverpool, John Nottingham, aliueleza kwa marefu katika kitabu chake cha mwaka 1854. Konea, ambayo unene wake wa katikati ni kama nusu milimita tu, huzidi kuwa nyembamba na kusukumwa mbele hata ikachongoka. Mwanga upitao hapo haukusanyiki mahali pamoja, kwa hiyo taa moja huonekana ina mikia, na herufi moja huonekana ina vivuli viwili vitatu. Aghalabu huanza katika ujana, na huandamana sana na mzio wa macho na tabia ya kuyafikicha.

Wanahisabati wa Kiswahili wamekwisha kuliita umbo hilo pia, kwa kulifananisha na pia wanayochezea watoto. Neno ni letu, nalo linajulikana. Lakini “konea pia” haifai hata kidogo, maana msomaji ataelewa kuwa konea nayo imo katika orodha. Twapendekeza upia wa konea, ambalo linasema umbo na halichanganyi maana.

Tiba za mwanzo hazina matata makubwa ya lugha. Kuna miwani, kuna lenzi ngumu za kuvaliwa jichoni, na kuna ile njia iliyotangazwa na madaktari wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2003, ya kutia matone ya vitamini B2 na kumulika konea kwa miali ya urujuanimno ili iwe imara. Hiyo yafaa iitwe kukaza konea. Mgonjwa atafahamu kuwa kilichokazwa hakizidi kulegea, na wala hatatazamia kwamba kilichokwisha kupinda kitanyooka.

Matata huanza pale upia unapozidi na konea ikapata kovu, hata ikalazimu kuikata sehemu ya katikati, kiduara cha milimita nane hivi, na kushona mahali pake konea ya marehemu. Kupandikiza na kipandikizi ni maneno mema yaliyotoka shambani, nayo yamekwisha kuzoeleka. Linalotutia wasiwasi ni “kupandikiza jicho”, linalosikika mara nyingi. Katika upasuaji huu jicho zima halipandikizwi, na mtu anayeombwa ridhaa ili konea ya maiti wake itolewe ana haki ya kujua hivyo. Kadhalika mtoaji asiitwe “mfadhili”, neno ambalo siku hizi humaanisha mwenye kutoa fedha.

Tuje sasa kwenye kitenzi kupona. Kina kazi mbili: kidonda hupona, na mgonjwa hupona. Katika maradhi mengi mambo hayo hufuatana, ndiyo maana lugha haikuona haja ya kuyatenga. Katika konea hayafuatani. Utando huu hauna mishipa ya damu, kwa hiyo jeraha lake hufunga polepole mno. Nyuzi huweza kukaa mwaka mzima au zaidi, na muda wote huo kuona hupanda na kushuka. Nyuzi zikitolewa, umbo hubadilika tena, na wengi huhitaji miwani au lenzi baada ya hapo. Mgonjwa aliyeambiwa tu kwamba “atapona”, akimwona jirani yake aliyepasuliwa mtoto wa jicho anasoma gazeti baada ya siku chache, atadhani ama amedanganywa ama ameharibiwa. Kwa sababu hiyo twapendekeza kufunga kwa jeraha kwa jambo la kwanza, na kutulia kwa kuona kwa jambo la pili. Tabibu aweza basi kusema pasipo kuficha kitu kwamba jeraha limefunga bali kuona bado hakujatulia.

Lakini neno lenye hatari kuliko yote ni kukataa. Kinga ya mwili hukitambua kipandikizi kuwa ni kigeni na kukipiga vita. Rasimu nyingi zimetafsiri tukio hilo kwa “mwili kukataa kipandikizi”. Kisarufi hapana kosa. Hata gari kwetu hukataa kuwaka. Kasoro yake ni kwamba kukataa, katika masikio ya Mswahili, ni jambo lililokwisha. Aliyekataa amekataa. Mtu akiambiwa kwamba dalili za jicho kukataa ni wekundu, maumivu, kuumizwa na mwanga na kupungua kwa kuona, siku atakapoziona ataweza kusema “limekataa”, akakaa nyumbani na huzuni yake. Kumbe mara nyingi hali hiyo hurudishwa nyuma kwa matone makali ya steroidi, mradi mgonjwa afike upesi, na kila siku ipitayo humpunguzia nafasi. Twashauri tukio hilo liitwe shambulio la kinga, kwa sababu shambulio hukabiliwa, na kipandikizi kilichoharibika kabisa kiitwe kipandikizi kilichokufa. Maneno hayo mawili yasibadilishane hata siku moja katika kijikaratasi anachopewa mgonjwa.

Yafaa pia ieleweke kwamba siku hizi yako mapasuaji ya namna mbili. Katika upandikizaji kamili unene wote wa konea hubadilishwa. Katika upandikizaji wa tabaka mgonjwa hubakiziwa tabaka lake la ndani kabisa, ambalo ndilo shabaha ya mashambulio mabaya zaidi. Na kwa kuwa matone ya steroidi huweza kupandisha msukumo ndani ya jicho, tuseme shinikizo la jicho. Mwenye kuulizwa kama ana “presha” atajibu habari za moyo wake.

Kuna tena maisha ya kipandikizi, yaani muda ambao kinadumu kikiwa kiangavu. Takwimu za daftari la vipandikizi vya konea la Australia, zilizochapishwa mwaka 2011, zilionyesha kuwa katika wagonjwa wa upia wa konea vipandikizi 89 kwa mia vilikuwa vikiishi baada ya miaka 10, na karibu nusu baada ya miaka 20. Kwa mzee hayo ni maisha marefu. Kwa kijana wa miaka 22 maana yake ni kwamba huenda akapasuliwa tena kabla wanawe hawajamaliza shule, na mtu wa namna hiyo hafai kuambiwa neno “kudumu” bila idadi ya miaka.

Hapo ndipo linapokuja fungu la maneno ubora wa maisha. Katika taarifa za utafiti limekwisha kukubalika, nasi hatuna nia ya kuling’oa. Lakini ukimwuliza mkulima ubora wa maisha yake, atakutajia mavuno, karo na paa la nyumba, naye atakuwa amejibu sawasawa. Wataalamu wanachotafuta ni jinsi kuona kunavyoathiri shughuli, utu na utulivu wa moyo wake. Nalo si jambo dogo: uchunguzi mkubwa wa Marekani, ulioandikisha wagonjwa 1,209 wa upia wa konea kuanzia mwaka 1995, uligundua kwamba wengi walieleza maisha mazito kuliko vile ambavyo ubao wa herufi ungeonyesha. Ubao hupima herufi nyeusi juu ya weupe, mchana, mgonjwa ameketi. Haupimi kuhesabu chenji sokoni magharibi, wala kumtambua shemeji aliye ng’ambo ya njia, ambaye usipomwamkia atasema umejivuna.

Kwa hiyo hojaji zinapotafsiriwa, maswali yaulizwe kwa vitenzi: waweza kuchambua mchele? waweza kuendesha baiskeli taa za magari zikikujia? Kwa mwanga uumizao tunalo neno la tangu zamani, kiwi, na litumike. Maruerue halifai kwa vile vivuli vya herufi, maana hilo ni la kuona kisichokuwapo. Kwa ile duara ya mwanga izungukayo taa, ambayo wengi waliopandikizwa huilalamikia, hatujapata neno la kuturidhisha. Tunaamini kwamba wavuvi na mabaharia wa pwani na visiwani wanalo la duara inayozunguka mwezi. Wasomaji wanaolijua tunawaomba watuletee, pamoja na jina la mahali linaposemwa.