Mwangushe, Ni Mchezaji Mwenzako

Wanangu wa Kalimoni, hebu niwaulize. Mnapogawana timu baada ya shule, si kuna yule anayeambiwa akae kando alinde sweta za wenzake? Pengine mguu wake mmoja haukunyooka. Pengine hasikii vizuri, au huchukua muda kuelewa maelezo. Hakuna anayemtukana. Wenzake wanamgawia mandazi, wanamchekea, na ukiwauliza kwa nini hachezi watakwambia wanamhurumia, asije akaumia. Leo nawaletea habari za mchezo ambao mtoto huyo angevalishwa jezi, akapewa mpira, kisha akakimbizwa na kuangushwa chini kama mwingine yeyote.

Mchezo wenyewe ni raga. Mnaijua. Hapo jirani Juja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha JKUAT wana timu yao iitwayo Cougars, na Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, ilitwaa kombe la Singapore mwaka 2016. Mpira unabebwa kwa mikono na kurushiwa mwenzako aliye nyuma yako, kamwe si aliye mbele. Mwenye mpira hukabwa mpaka aanguke. Anayefika mwisho wa uwanja na kuugusisha mpira ardhini amefunga trai, pointi 5. Ni mchezo wa kugongana, na kwa sababu hiyo watu wenye ulemavu waliambiwa kwa miaka mingi kwamba huo si wao.

Baadhi yao hawakukubali. Mwaka 1977, huko Winnipeg, Kanada, wanaume waliokuwa na udhaifu wa mikono na miguu walibuni raga ya viti vya magurudumu. Viti hugongana kwa kishindo, na leo inachezwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Walemavu. Lakini hiyo ni ya wenye ulemavu peke yao. Ninayotaka kuwasimulia ni nyingine, raga ya kuchanganyika, ile ambayo mwenye ulemavu na asiye na ulemavu wanavaa jezi moja na kuhesabiwa timu moja.

Ilianza kuchezwa kusini mwa Wales miaka ya 1990. Baadaye ikashika mizizi Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ambako timu ya Bumble Bees Barbarians ilichanganya wachezaji wenye mtindio wa ubongo, wenye usonji, wenye matatizo ya kuona au kusikia, na watu waliokuwa wamecheza raga ya kawaida maisha yao yote. Mwaka 2015 timu za nchi mbalimbali zilikutana huko Bradford kwa mashindano ya kwanza ya kimataifa. Miaka 2 baadaye World Rugby, shirika linalosimamia raga duniani, lilitia saini makubaliano na waandalizi wa mashindano hayo, na mwaka 2022 mashindano yakafanyika Cork, Ireland.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wazima wengi hukosea. Wanadhani mchezo wenyewe umelainishwa. La! Uwanja ni uleule, wachezaji ni 15 kila upande, na ukishika mpira utakabwa. Kinachobadilishwa ni skramu, pale washambuliaji 8 wa kila timu wanapoinama, wakashikana mabega na kufungana na wapinzani vichwa kwa vichwa. Katika raga ya kawaida husukumana kwa nguvu zote, na shingo za walio mstari wa mbele hubeba uzito huo wote. Katika raga ya kuchanganyika wanafungana vilevile, lakini hawasukumani; timu inayoingiza mpira ndiyo inayoutoa. Sababu yake ni ya kitabibu. Baadhi ya watu waliozaliwa na sindromu ya Down wana kano zilizolegea kwenye mifupa ya juu ya shingo, na msukumo mkubwa unaweza kuumiza uti wa mgongo. Kwa hiyo daktari humpima kwanza mchezaji mwenye hali hiyo, na kanuni ya skramu humlinda. Mbali na hapo, acheni aangushwe.

Mtauliza: na yule asiye na ulemavu, kazi yake ni nini? Kazi yake ni kucheza. Mwenzake akipotewa na mwelekeo, anamwita na kumwonyesha mkono. Mwenzake asiposikia filimbi, anamgusa bega. Lakini hambebei mpira, wala hajiangushi makusudi ili mwenye ulemavu apite afunge. Kujiangusha hivyo ni kumdanganya mtu mbele ya umati, naye anajua. Kwa maoni yangu, hakuna dharau inayozidi hiyo.

Na msidhani msaada siku zote hutoka upande mmoja. Hapa hapa Kaunti ya Kiambu, upande wa Kikuyu, yuko Henry Wanyoike. Alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mkimbiaji asiyeona hukimbia na mwelekezi anayeona, wakiwa wameunganishwa mikono kwa kamba fupi. Mwaka 2000, kwenye Olimpiki ya Walemavu jijini Sydney, Wanyoike alikuwa akiongoza mbio za mita 5,000 pale mwelekezi wake alipoishiwa nguvu karibu na mwisho. Asiyeona ndiye aliyemkokota anayeona hadi wakavuka mstari na kupata dhahabu. Baadaye alikimbia na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni, na mwaka 2005 wakamaliza marathoni ya Hamburg kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 31. Watoto, kwa kasi hiyo nyote mngeachwa, na mimi pamoja nanyi.

Hapa kwetu hatukosi wachezaji. Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ziko mwendo mfupi wa matatu kutoka Kalimoni. Nchini, shirika la Special Olympics tayari huchezesha kandanda inayochanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Raga nayo inawezekana.

Mkipata mwalimu wa kuwafundisha, mwombeni aanze na kukaba, na muanze mkiwa mmepiga magoti kwenye nyasi, wala si mkikimbia. Bega liguse paja la mwenye mpira. Kichwa kikae nyuma yake, si mbele, ili goti lisikupige. Mikono yote miwili imfunge miguu, usiiachie mpaka mfike chini. Kisha mbadilishane, aliyeangusha naye aangushwe. Mwenzenu akiwa na upande mmoja usio na nguvu, mwulizeni ni upande gani anaanguka vizuri, mumwangushe upande huo siku za kujifunza, na siku ya mechi mumkabe upande wowote.