Kupitia Kipande cha Orodha

Ukifungua faili la matokeo ya mtihani kwa Python, mara nyingi mstari wa kwanza si mwanafunzi: ni vichwa vya safu, yaani jina, somo, alama. Programu ikiambiwa ijumlishe alama zote itakwama hapo hapo, maana neno "alama" halijumlishiki. Dawa yake ni fupi:

for m in mistari[1:]:

Yaani anzia nafasi ya 1 uende hadi mwisho. Nafasi ya 1 ni mstari wa pili, kwa sababu Python huhesabu kuanzia 0.

Wanaojifunza huizoea sifuri upesi. Kinachowakera ni upande wa pili: mistari[1:4] huleta mistari mitatu tu, ya nafasi 1, 2 na 3, na ya 4 inabaki nje. Mholanzi Edsger Dijkstra aliutetea mpangilio huu mwaka 1982. Hoja mojawapo ni kwamba ukitoa mwanzo kwenye mwisho unapata idadi papo hapo. Sawa, lakini mimi naona uzito uko kwingine: kipande kimoja kinapoishia ndipo kinachofuata kinapoanzia. mistari[:50] na mistari[50:] huigawa orodha bila mstari kurudiwa wala kupotea.

Kuna mtego, hata hivyo. Katika orodha ya watu 40, mistari[500] hukatisha programu kwa kosa, ilhali mistari[30:500] hukupa kumi waliopo na kunyamaza. Ukikosea namba, hakuna atakayekwambia.

Halafu kuna kumbukumbu. Kila kipande ni orodha mpya. Vitu vyenyewe havinakiliwi, hunakiliwa anwani zake, na kwenye kompyuta ya biti 64 kila anwani ni baiti 8. Kwa darasa moja si kitu. Kwa mistari milioni 10 ni megabaiti 80 hivi. Hapo itafute islice, iliyomo katika moduli ya itertools, ambayo hainakili orodha. Ila haijui kuruka: ukiiomba ianzie nafasi ya milioni 9, itazipita zote za nyuma kwanza, moja moja.

Wala usiichukie nakala. Ukifuta vitu katika orodha ile ile unayoipitia, vilivyobaki husogea na vingine hurukwa kimyakimya. Pitia mistari[:], ambayo ni nakala nzima, kisha ufute katika orodha ya asili.