Shida nyingi hazifiki Alhamisi

Kufuli tatu ndizo zilizoniandikisha makala haya. Zinaning'inia kwenye sanduku la bati lililopakwa rangi ya bluu, kazi ya fundi mabati, la ukubwa ambao mama mmoja anaweza kujitwika kichwani na bado akabaki na mkono wa kumshika mtoto. Hapo ndipo nilipokwama. Kama sanduku lenyewe linabebeka, kufuli tatu za nini? Mwizi aliyedhamiria hatatafuta funguo. Atajitwisha sanduku zima, akalifumue porini kwa jembe. Kufuli moja naielewa. Mbili, basi, tuseme ni tahadhari. Ya tatu ilinikereketa kutwa nzima.

Sanduku ni mali ya kikundi cha kuweka na kukopa cha Idodi, Iringa Vijijini, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Vikundi vya namna hii havihitaji utambulisho mrefu, maana ni ukoo gani wa Kitanzania usio na mtu aliye kwenye kikoba? Vilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991 kwa mkono wa shirika la CARE, vikafika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000, na bara vikaenea kwa majina mengi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, serikali inavihesabu kuwa watoa huduma wa daraja la nne na inavitaka visajiliwe. Yatosha. Nirudi kwenye kufuli.

Aliyenielewesha ni mmoja wa watunza funguo watatu. Jina lake siliandiki, na sababu ni yake mwenyewe: mtunza ufunguo hatangazwi gazetini. Ni mama wa makamo, ana majaruba mawili ya mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, na kila alfajiri anakaanga vitumbua vya kuuza kituoni. Nilipomwamkia kwa Kihehe, kamwene, aliitikia, akayacheka matamshi yangu, halafu akataka kujua mimi ni mtu wa wapi na nimetumwa na nani. Kabla ya kunijibu lolote aliniambia nikae nitazame mkutano kwanza, maswali baadaye.

Mkutano ni Alhamisi alasiri, kwenye baraza la ghala la mpunga. Kila mwanachama ana namba na hukaa kwa namba, msimu mzima mahali palepale, kiasi kwamba asiyekuja hana haja ya kutajwa: pengo lake linamsema. Sanduku huletwa na mweka hazina, ambaye analala nalo nyumbani kwake lakini hana hata ufunguo mmoja. Watunza funguo huinuka mmoja mmoja. Wa kwanza anafungua kufuli yake, anarudi kukaa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, huyu mama yangu, alitembea taratibu mno, kwa madaha ya mtu anayejua kwamba watu wote ishirini na ushei hawawezi kufanya lolote mpaka yeye afike. Ufunguo ulitoka wapi katika mavazi yake sikuona, na nilikuwa nimekaza macho.

Kifuniko kinapoinuliwa, ndani kuna mfuko wa hela za hisa, mfuko mdogo wa jamii, muhuri na kidau cha wino, bakuli mbili, na vijitabu vya wanachama vimepangwa kwa namba. Vijitabu haviendi nyumbani. Hulala humo na hela. Mume akitaka kujua mkewe ana kiasi gani, au muuza duka akitaka kukadiria mdeni wake ataweza kulipa lini, hana karatasi ya kuchungulia.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia. Katibu akauliza, bila kufungua daftari: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Upande mmoja wa baraza ukajibu kwa pamoja salio la mfuko wa jamii, hadi shilingi mia ya mwisho. Upande wa pili ukajibu salio la mfuko wa mikopo. Kila kufunga mkutano salio hutangazwa, na kila upande hupewa tarakimu zake za kwenda nazo nyumbani kichwani. Kusahau ni faini. Wapo humo wanachama ambao kusoma kunawapa shida, lakini salio wanalo kichwani sawasawa na katibu mwenye kalamu. Daftari likichezewa, itabidi vichezewe na vichwa vya nusu ya kikundi.

Wahesabu fedha wawili, wasio na undugu, wakamwaga hela kwenye bakuli, wakazihesabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Zikalingana na kilichotamkwa. Ndipo namba zikaanza kuitwa za kununua hisa. Mtu ananunua hisa moja hadi tano kwa mkutano, na kwa kila hisa anagongewa muhuri kwenye kijitabu. Visanduku vilivyobaki vitupu kwenye mstari wa siku hiyo hupigwa mkwaju wa kalamu hapohapo, ili asije mtu kesho akajigongea muhuri wa bure. Aliyenunua moja alirudi kukaa akiwa na mikwaju minne. Hakuna aliyemtazama, lakini hakuna ambaye hakuona.

Baada ya kufungwa, kufuli kwa kufuli, ndipo nilipopata zamu yangu. Nikamuuliza mama swali langu la mwizi.

Aliniona mtoto. Kwa maelezo yake, hakuna aliyewahi kudhani kwamba kufuli hizo ni za mwizi. Mwizi ana siku yake na hana dawa. Kufuli ni za shemeji. Ni za mjomba anayefika jioni, akaketi nusu saa akiulizia mvua, kisha akataja shida yake wakati wa kuaga. Ni za mtoto aliyeona viatu kwa mwenzake. Zaidi ya wote, ni zake yeye mwenyewe. Mwanamke mwenye hela ndani, anasema, hana neno la kumnyima ndugu. Akisema sina, anadanganya, na kijijini uongo wa hela unajulikana kabla jua halijazama. Akisema sikupi, amevunja undugu. Lakini akisema ipo kwenye sanduku, amesema kweli, na hakuna aliyekosana na mtu. Kufuli moja angeombwa aifungue. Mbili, angeombwa amshawishi mwenzake. Tatu, zilizo kwenye vitongoji tofauti, hata muombaji anachoka kabla ya kuanza.

Akaongeza jambo ambalo nimelifanya kichwa cha makala haya: shida nyingi hazifiki Alhamisi. Ijumaa kitenge kinaonekana ni cha lazima. Jumapili bado kinawaka moyoni. Jumanne umeanza kusahau rangi yake. Ukifika mkutanoni kuomba mkopo unaulizwa wa nini, mbele ya watu, na wewe mwenyewe unasikia aibu kulitamka. Kwa hesabu yake, yale asiyoyanunua kwa sababu ya kungoja Alhamisi yamemwokolea zaidi ya faida yoyote ya hisa. Nimesoma kurasa nyingi za ushauri wa kubana matumizi, bajeti ya safu tatu na mengineyo. Sikumbuki ushauri uliomjua binadamu kiasi hiki.

Kungoja huko kuna upande wake wa pili, nao uko kwenye mafuta ya kula. Zamani alikuwa akinunua mafuta ya vitumbua kwa kipimo, kila alfajiri kipimo kimoja, dukani kwa jirani. Wanaonunua kwa kipimo wanajua, na wenye duka wanajua zaidi, kwamba ukijumlisha vipimo hadi lijae dumu la lita 20, umelipa bei ya dumu na chenji nzuri juu yake. Sukari ya kupima ni hivyohivyo. Sabuni nayo: mche mzima ni nafuu kuliko vipande vyake, tena ukiukata na kuuanika siku chache kabla ya kuutumia, unaisha polepole. Haya yote aliyajua tangu zamani. Kujua hakujawahi kuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kuwa na hela ya dumu kwa mkupuo mmoja. Mkopo wake wa kwanza kutoka kwenye sanduku ulinunua dumu, na katika miezi mitatu ya marejesho, tofauti ya bei ya kipimo na ya dumu ndiyo iliyolipa riba. Faida ya vitumbua haikuguswa.

Mwenye duka naye ni mwanachama. Hugongewa mihuri mitano kila wiki.

Hilo lilinipeleka kwenye karatasi. Tuseme hisa ni shilingi 2,000 na mikutano ni 52 kwa mwaka. Mwenye muhuri mmoja kila wiki ameweka 104,000. Mwenye mitano ameweka 520,000. Tuseme mwaka umekwenda vizuri na kila hisa imezaa asilimia 20 wakati wa mgawo, pale mzunguko unapovunjwa na kila mtu kuchukua chake. Wa muhuri mmoja anapata faida ya 20,800, wa mitano 104,000. Sasa huyu wa muhuri mmoja alikopa 200,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu, akalipa riba 30,000. Toa faida yake, bado kikundi kimemchukulia 9,200. Wa mihuri mitano hakukopa. Faida yake imetoka wapi, kama si kwa wenzake waliokuwa na shida?

Mama alizisikiliza tarakimu zangu zote bila kunikatiza. Akaniuliza kama kuna mtu Idodi wa kumkopesha laki mbili kwa 9,200. Wapo wanaokopesha dhidi ya mpunga ambao bado uko kwenye maji: unachukua hela mwezi wa pili, ukivuna unatoa gunia kwa bei waliyoipanga wao. Ipo mikopo ya simu, ile inayompigia simu kila ndugu aliye kwenye orodha yako ukichelewa siku moja. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za aina hiyo zisizo na leseni. Wapo wa kausha damu, ambao jina lao linatosha. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata, na ina fomu zake na mizunguko yake. Nikakubali yaishe. Lakini hesabu yangu iko palepale, na hakuisahihisha.

Kuna kitu kimoja alikisimulia kwa sauti tofauti. Ilikuwa majira ya kuvuna, usiku. Mtoto wa mwanachama alishikwa na degedege. Mfuko wa jamii umewekwa kwa ajili ya saa kama hiyo, kila mtu anauchangia kila wiki, na hautozwi riba. Ila unalala ndani ya sanduku lilelile lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja ulipatikana. Mwingine ulikuwa wa msimulizi wangu mwenyewe. Mwenye ule uliobaki alikuwa shambani, kwenye kichanja, akilinda mpunga dhidi ya tembo, na hakuna aliyekuwa tayari kukata majaruba usiku ule na tochi ya simu. Wanaoishi kandokando ya Ruaha hawahitaji kuelezwa kwa nini. Mama wa mtoto alipata hela ya bodaboda kwa majirani, mia tano huku, elfu moja kule, mpaka ikafika. Mtoto alipona. Lakini hela zake mwenyewe zilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, zimelala salama salimini.

Yapo majibu mepesi. Bima ya afya ya kaya ingefuta sehemu ya tatizo, ingawa haipandi bodaboda. Kikundi kingeweza kuwa na kisanduku cha pili, chenye kufuli moja, cha mfuko wa jamii peke yake. Vijana wa kikundi wana pendekezo jingine: kila kitu kihamie kwenye simu. Huduma za vikoba vya mitandao ya simu zipo, salio kila mwanachama analiona, na hela inatoka usiku wa manane bila mtu kukutana na tembo.

Wamelijadili kwenye mikutano kadhaa, sauti zikapanda, mwenyekiti akaahirisha. Mama yuko upande wa kufuli, na hakunificha kwamba usiku ule wa degedege bado unamsuta. Hofu yake ni kwamba hela inayotoka usiku wa manane kwa ajili ya mtoto itatoka pia usiku wa manane kwa ajili ya shemeji. Mwanachama mmoja kijana alimjibu mkutanoni kwamba simu nayo ina namba ya siri. Yeye akamuuliza: ufunguo nauona uko kwa nani, hiyo namba nitajuaje imeshafika kwa nani? Kijana hakuwa na jibu, mimi pia sina. Mjadala umewekwa kwenye ajenda ya mkutano wa kuvunja mzunguko, mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo sanduku litakuwa tupu.