Mfariji ni Nani?

Kila Pentekoste, siku 50 baada ya Pasaka, tunaimba tukimwita Roho Mtakatifu Mfariji. Wanavikundi wengine wametuuliza: mbona Biblia, Yohane 14:16, inasema Msaidizi? Ama ni wawili?

Ni mmoja tu. Injili hiyo iliandikwa kwa Kigiriki, na neno lenyewe ni parakletos, yaani mtu aliyeitwa aje asimame kando yako. Wagiriki walimwita hivyo hata yule anayekuja kukusemea mbele ya hakimu. Kwetu hakuna neno moja la kubeba hayo yote, kwa hivyo kuna Msaidizi, Mfariji, Mtetezi. Ukifungua 1 Yohane 2:1 utakuta neno lilelile la Kigiriki, lakini hapo ni Yesu mwenyewe anayeitwa hivyo, na Biblia ya Union ya 1952 inasema Mwombezi. Ndiyo sababu katika Injili Yesu anaahidi Msaidizi "mwingine". Wa kwanza ni yeye.

Sasa tuje vijijini kwetu. Sisi tukisema kufariji tunafikiria matanga: tunapeleka sukari na majani ya chai, tunachanga, tunaimba, tunazika, tunarudi nyumbani. Hiyo ni kazi nzuri, na hakuna anayeidharau. Lakini shida ya mjane mara nyingi huanza watu wakishatawanyika. Shemeji anaanza kupima shamba kwa hatua. Ng'ombe anafunguliwa usiku. Hapo wafariji wako wapi?

Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981, inakataza katika kifungu cha 45 mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Ni kosa la jinai, hata akiwa ndugu wa damu. Lakini mjane aliye peke yake, mbele ya wazee wa ukoo, atasema hayo na sauti gani?

Kwa hivyo tunawaomba kila kikundi kichague watu wawili, mapema, kabla msiba haujaingia. Kazi yao ni kufuatana na mjane: kuchukua cheti cha kifo, kwenda kwa chifu kupata barua ya kutaja warithi, kisha kortini. Asiweke kidole gumba kwa karatasi yoyote ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa. Na nauli ya hao wawili itoke kwa mfuko wa kikundi, isitoke kwa mjane.